Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Darasa la Lugha Nyingi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa nimeshaingia darasani, kwa sababu mpangilio wa madawati unahitaji utulivu ambao haupatikani watoto wakishafika. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu hukaa mbele, mahali ambapo mwanga wa dirisha haung'ai ubaoni, na mvulana aliyehamia mwaka jana hukaa na mwenzake wanayezungumza naye lugha moja ya nyumbani.

Saa mbili ilikuwa hisabati. Niliandika ubaoni: "Tofauti kati ya 15 na 9 ni ipi?" Mvulana huyo akajibu, kwa mwandiko safi, kwamba 15 ina tarakimu mbili na 9 ina moja. Nililishika daftari lile kwa muda. Halikuwa jibu la mtoto asiyejua kuhesabu, bali la mtoto aliyelielewa neno "tofauti" kama watu wote wanavyolielewa nje ya somo la hisabati. Mwenzake alipomfafanulia swali kwa lugha yao, aliandika 6 kabla maelezo hayajaisha. Kama ningempa sufuri, ningekuwa nimempima lugha na kujaza alama kwenye safu ya hisabati, na dhuluma ya namna hiyo haionekani kwenye ripoti yoyote.

Wakati wa mapumziko, saa nne, nilimwona akibishana na wenzake uwanjani bila kukwama hata kidogo, na mwalimu mmoja akaniuliza kwa nini basi nasema kwamba lugha bado inamlemea. Nilimweleza tofauti ambayo mtaalamu Jim Cummins aliibainisha mwaka 1979: lugha ya mazungumzo hupatikana upesi, mara nyingi ndani ya miaka 2, lakini lugha ya vitabu na mitihani huhitaji kwa kawaida miaka 5 au zaidi.

Katika kipindi cha kusoma, saa tano, niliuliza swali kisha nikahesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya kumteua mtu. Utafiti wa Mary Budd Rowe ulionyesha kwamba walimu wengi husubiri takriban sekunde 1 tu, na kwamba wakifika sekunde 3 majibu hurefuka na wanafunzi wanyamavu hujitokeza. Leo alijitokeza msichana wa dawati la nyuma, ambaye sikuwa nimeisikia sauti yake tangu wiki ianze.

Saa nane tulikuwa na kikao, na ilipendekezwa kwamba mvulana yule ahamishiwe kundi la wanafunzi wazito. Nililifungua daftari lake mezani, nikakumbusha kwamba Ibara ya 29 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inataka elimu imjengee mtoto heshima kwa lugha yake mwenyewe. Uamuzi uliahirishwa, jambo ambalo halinitoshi.

Saa kumi na moja jioni niliketi kuandaa somo la kesho. Nilifikiria kuliondoa neno "tofauti" kwenye maswali yangu, nikaacha, kwa kuwa atakutana nalo katika kila mtihani na ana haki ya kulijua. Nimeliandika juu ya kadi, chini yake maana ya kila siku, kisha maana ya hisabati, na mstari wa mwisho nimeuacha wazi ili kila mtoto ajaze neno la nyumbani kwao.