Ndugu Waliopelekwa Kisiwani

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno letu la wiki hii ni Waefeso 2:19: "Basi tangu sasa ninyi si wageni wala wapitaji, bali ninyi ni wenyeji pamoja na watakatifu, watu wa nyumbani mwake Mungu." Nimelisoma andiko hili sambamba na habari za Waingereza waliohamia Massachusetts, huko Amerika, na limenichoma moyo.

Kampuni ya wahamiaji hao ilikuwa na muhuri wa mwaka 1629. Katikati yake amechorwa mwenyeji wa nchi ile, mkono mmoja ameshika upinde, wa pili mshale, na kinywani mwake yanatoka maneno ya kuomba watu wavuke wakawasaidie. Ni ombi la yule mtu wa Makedonia katika Matendo 16:9. Lakini Paulo aliletewa maono na Mungu. Huyu wa kwenye muhuri hakuulizwa na yeyote. Maneno aliwekewa kinywani na watu waliokuwa London. Mwaka 1630 John Winthrop, gavana wao, akavuka na mamia ya wahamiaji, wakiwa na hakika kwamba wao ndio mji uliowekwa juu ya mlima.

Miaka 16 ikapita kabla mchungaji wa Roxbury, John Eliot, hajafika kwa Waban, kiongozi wa kijiji cha Nonantum, na kuhubiri kwa lugha ya wenyeji. Walioamini wakajenga mji wao, Natick, mwaka 1651. Na mwaka 1663 ikatoka Biblia nzima kwa lugha yao, Biblia kamili ya kwanza kuchapwa katika bara lote la Amerika. Wahamiaji wenyewe walikuwa bado wanasoma Biblia zilizotoka ng'ambo! Kijana mmoja wa kabila la Nipmuc, aliyejulikana kama James Printer, alikuwa miongoni mwa waliozipanga herufi za kuchapia, zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, moja baada ya nyingine, hadi Neno likasomeka kwa lugha ya nyumbani.

Nisifiche jambo: Eliot aliwataka pia wanyoe nywele zao ndefu na kuacha desturi nyingi zisizo dhambi. Hapo naona alichanganya Injili na Uingereza. Hata hivyo imani ya watu wale ilikuwa imani kweli. Waliishika siku ya Bwana, waliimba zaburi, walikiri dhambi zao mbele ya kusanyiko.

Mwaka 1675 vita vikazuka. Ardhi ilikuwa imeliwa kipande kwa kipande, na Metacom, kiongozi wa Wawampanoag, akainuka dhidi ya wahamiaji. Hofu ikawajaa Waingereza. Mwezi Oktoba serikali ya koloni ikaamuru watu wa Natick waondolewe, ingawa hawakuwa wameasi. Wakaswagwa hadi kando ya mto Charles, wakapakiwa kwenye mashua usiku na kupelekwa Deer Island, kisiwa chenye upepo mkali katika bandari ya Boston. Wengine wakaongezwa, hadi wakawa mamia. Majira ya baridi yakawakuta pale bila makazi ya maana, wakichokoa chaza ufukoni ili wapate kula. Wengi walikufa, wazee na watoto.

Waliowatia humo walikuwa waumini, wapendwa. Jumapili walikaa kanisani, wakamsikia Paulo akisema Kristo amekibomoa kiambaza cha kati, na ng'ambo kidogo tu ya maji wabatizwa wenzao walikuwa wanakufa kwa njaa na baridi.

Si wote walionyamaza. Eliot alikwenda pale mtoni akaomba pamoja nao kabla hawajapakiwa, na baadaye akawafuata kisiwani. Alikuwa ameiandikia serikali pia kupinga mateka wa vita kuuzwa utumwani. Daniel Gookin, ofisa wa serikali aliyewatetea, alitishiwa kuuawa na Waingereza wenzake. Waliobaki hai waliruhusiwa kutoka kisiwani mwaka 1676. Lakini sheria ya mwaka 1675 iliyowakataza wenyeji kuingia Boston haikufutwa rasmi hadi mwaka 2005. Katika miaka yote hiyo kati yake, watoto wangapi walibatizwa katika mji ule!

Katika makusanyiko yetu nako wapo waliokimbia vita, wapo wenye lafudhi tofauti, wapo wa kabila linalosemwa vibaya kila uchaguzi ukikaribia. Siku za amani tunawaita ndugu bila shida. Naomba kila kikundi cha nyumbani kisome Waefeso 2:11–22 wiki hii, kisha tuulizane waziwazi: nani kati yetu angekuwa wa kwanza kushukiwa, na nani angesimama mlangoni kwake? Tuwaombee hao kwa majina, na kabla ya Jumapili tuwatembelee majumbani mwao.