Chini kote wazi: nilivyopata sebule, meza na jiko bila kujenga ukuta

Nyumba yetu iko Ilazo, hapa Dodoma. Ni ya ghorofa moja: juu kuna vyumba vitatu vya kulala, na chini, ukiondoa choo cha wageni, hakuna chumba hata kimoja. Ukifungua mlango wa mbele unakutana na uwazi wa mita 8 kwa mita 6. Humo mna sebule, meza ya chakula, jiko na ngazi, vyote vinatazamana, na katikati imesimama nguzo ya zege. Tuliinunua ikiwa boma kwa mtu aliyekwama kuimalizia. Tukapiga plasta, tukaweka vigae na madirisha ya alumini, tukahamia, na fedha zikaishia hapo.

Wageni waliisifia sana. Sisi tuliokuwa tunaishi humo tulichoka mapema. Mtu akipiga hodi akafunguliwa, macho yake yanatua moja kwa moja kwenye sinki la vyombo. Watoto wakirudi shule wanakatiza kati ya waliokaa na televisheni. Ukikaanga samaki, makochi yananuka hadi kesho yake. Kisha kuna upepo. Wote tuliohamia huku tangu Serikali ianze kuhamia kwa vitendo mwaka 2016 tunaujua upepo wa kiangazi wa Dodoma, hasa kuanzia Julai mpaka Oktoba, unavyovuma kutoka mashariki na vumbi lake. Mlango wetu unatazama mashariki. Ukifunguliwa, upepo hauna cha kuuzuia mpaka ufike kwenye jiko la gesi na kuuyumbisha moto.

Aliyeteseka kuliko wote ni mama mkwe wangu, ambaye huja kutoka Kondoa akakaa nasi kwa muda mrefu. Alikuwa anapika mtandio ukiwa kichwani wakati wote, maana mgeni wa kiume akiingia hapakuwa na pa kujisitiri. Kuswali ilibidi apande ngazi, na magoti yake hayamruhusu. Hakulalamika, ila jioni moja tukiwa wawili jikoni aliniambia, "Mama Nasra, nyumba yenu nzuri, mwanangu. Lakini mwanamke hana pake." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niache kusubiri fedha nyingi.

Tulikuwa na shilingi 1,800,000: nyingi zilitokana na mchezo wa kuchangishana fedha niliokuwa nimepokea kazini, nyingine mume wangu aliongezea. Fundi mwashi tuliyemwita alishauri ukuta wa tofali za inchi 6 kati ya jiko na sebule. Nilimsikiliza vizuri, nikakataa. Jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, limemwagwa juu ya mawe ili likanyagwe, si kubeba ukuta wa tofali ambao hauna msingi wake. Hata kama lingebeba, madirisha yetu yako mashariki na magharibi tu. Ukuta ungetia giza katikati ya nyumba na kukata hewa inayoingia mbele ikatokea nyuma, na mwezi wa Oktoba hewa hiyo ndiyo inayotuwezesha kulala mchana. Shemeji yangu yeye alitaka nguzo ivunjwe. Nguzo haiguswi. Boriti zinakutana juu yake na zimebeba slabu, yaani zege la sakafu ya vyumba tunavyolala.

Hivyo sikuanza na fundi. Nilianza na miguu ya watu.

Vigae vyetu ni vyeupe na vumbi la huku lina wekundu. Jumamosi moja nikaacha makusudi kupiga deki, nikawaacha watoto, wageni na majirani waingie na kutoka kama kawaida. Ilipofika alasiri njia zilikuwa zimejichora sakafuni, wala sikuhitaji kumuuliza mtu. Moja ilitoka mlango wa mbele kwenda kwenye ngazi. Nyingine ilitoka mlangoni humohumo kwenda jikoni na kutokea uani. Ya tatu ilitoka kwenye makochi kwenda choo cha wageni kilichoko pembe ya kusini magharibi. Zote tatu zilikutana juu ya zulia, mbele ya televisheni. Sebule yetu ilikuwa njia panda, na hakuna kochi zuri linaloweza kuigeuza njia panda ikawa mahali pa kupumzika.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nawaambia wote wanaoniuliza: katika nyumba iliyo wazi, chumba kinaanzia pale njia inapopita pembeni yake. Ukiisogeza njia, umepata chumba. Usipoisogeza, hata ukinunua samani za mamilioni, watu watakatiza katikati yake.

Nikachukua chaki na futi ya kupimia, nikachora sakafuni. Kwanza nilichora njia moja tu, upana wa mita 1, inayonyooka kusini mwa nyumba kutoka karibu na mlango, ikipita ubavuni mwa ngazi hadi jikoni na mlango wa nyuma. Watu wawili wanapishana humo wakigeuka kidogo, na mwenye ndoo ya maji anapita bila kugonga kitu. Kilichobaki kaskazini ya mstari ndicho kilichokuwa changu cha kugawa. Nikachora makochi kwa vipimo vyake halisi, meza ndogo ikiwa sentimita 45 kutoka kwenye kochi ili mtu afikie kikombe bila kuinuka, na meza ya chakula ikiwa na sentimita 90 nyuma ya viti ili aliyekaa asilazimike kusimama mwingine apite. Tuliishi na michoro hiyo, tukizunguka makochi ambayo hayajasogezwa bado, na kila jioni nilifuta kidogo na kuchora upya. Chaki ni kitu cha bei ndogo kabisa katika kazi hii yote na ndicho kilichonifaa zaidi.

Tulipohamisha samani zenyewe, haikutugharimu senti. Kochi refu tuliligeuza mgongo uelekee njia, likitazama ukuta wa kaskazini ilikohamia televisheni. Kochi dogo likakaa upande wa magharibi na kufunga kona. Huo mgongo wa kochi refu ndio ukuta wetu wa sebule sasa. Watoto waliielewa njia mpya siku hiyohiyo bila kuambiwa.

Kazi kubwa ya fedha ilikuwa pale mlangoni. Nilitaka kitu kimoja kizuie macho, kipunguze upepo na kiache mwanga upite. Wazee wa Kigogo, wenyeji wa hapa Dodoma, walijenga tembe zao, nyumba fupi, zenye paa bapa la udongo, kuta nene na matundu madogo, zikiuzunguka ua wa ng'ombe. Waliujua upepo huu kabla yetu na hawakuupa njia ya kunyooka. Nami nilitaka upepo ukate kona kabla haujafika ndani.

Seremala alinitengenezea kizuizi cha upana wa mita 1.5, kikisimama kama mita 1.3 kutoka mlangoni. Chini ni kabati la viatu lenye urefu wa mita 1, mbao zimezibwa kabisa, kwa sababu vumbi jingi linaingia na viatu na hapo ndipo vinapoishia. Juu yake hadi kwenye dari ni mbao za paini za inchi moja kwa nne, zilizopigwa randa, zimesimama wima. Hapa nilisisitiza jambo ambalo fundi mwanzoni aliliona usumbufu: kila ubao ugeuzwe kwa pembe, nusu ya kona ya mraba, na kati ya ubao na ubao iwe sentimita 7. Kwa mpangilio huo anayesimama mlangoni akitazama mbele anaona mbao tupu, lakini aliyekaa kwenye kochi dogo anamwona kwa mshazari anayeingia. Mwanga wa asubuhi unapenya bila shida. "Mama, kumbe ulikuwa na maana yako," fundi aliniambia alipomaliza na kujaribu kutazama mwenyewe toka nje. Tulikifunga kwa skrubu na plagi chini na juu, kwa sababu kitu kirefu hivyo kisichofungwa ni hatari kwa mtoto anayependa kupanda. Mbao, varnishi na ufundi vilikula shilingi 520,000, na sijutii hata moja.

Jikoni, kaunta ilikuwa na urefu wa sentimita 90, kipimo kizuri cha kukatia mboga lakini hakifichi chochote. Tuliongeza mdomo wa plaiwudi upande wa sebule, sentimita 25 juu ya kaunta, ukafika sentimita 115. Mtu aliyekaa kwenye kochi macho yake yako chini kidogo ya hapo, kwa hiyo vyombo vichafu, masufuria na mikono ya mpishi vimetoweka mbele yake, lakini mpishi akisimama anaona watoto wanafanya nini mezani. Hilo lilikuwa shilingi 160,000. Juu ya jiko, kwenye ukuta wa magharibi, tukatoboa tundu na kuweka feni ya kutoa hewa, shilingi 110,000 pamoja na kazi. Ukaangaji wa samaki na kila kinachopikwa kwa mkaa tumekihamishia kwenye banda la uani kabisa. Mkaa ndani ya nyumba ni hatari, hewa yake yenye sumu haina harufu. Na mtungi wa gesi tumeuacha kando ya mlango wa nyuma, nje ya kabati, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. Inahitaji pa kutokea.

Meza ya chakula tuliisogeza kati ya nguzo na kaunta. Upande mmoja tukaweka benchi la shilingi 150,000 badala ya viti vitatu, kwa hesabu ya sentimita 60 kwa kila mlaji, na likimaliza kazi linaingia chini ya meza. Nguzo iliyokuwa inatukera sasa ndiyo inayoonyesha sebule inaishia wapi na meza inaanzia wapi. Tuliipaka rangi ya udongo iliyokolea, ukuta wa televisheni pia, na sehemu nyingine zote nyeupe iliyopoa. Rangi na mpakaji, shilingi 180,000.

Umeme ulinishangaza kwa tofauti uliyoleta. Tulikuwa na taa mbili kali nyeupe katikati ya dari, swichi moja. Ukiwasha moja umewasha nyumba nzima, na usiku pote palikuwa panafanana. Fundi umeme alitugawia swichi tatu, akipitisha nyaya kwenye tranki, mfereji mwembamba wa kufichia nyaya, pembeni mwa boriti ili tusichimbe plasta. Jikoni mwanga ulibaki mweupe. Sebuleni tuliweka balbu za mwanga wa manjano, na juu ya meza taa ya kuning'inia, sentimita 75 kutoka kwenye ubao wa meza, ili isimpige mtu machoni. Jioni jiko likizimwa taa ni kama limefungwa. Shilingi 330,000, ghali kuliko nilivyotarajia, lakini umeme si mahali pa kutafuta fundi wa bei rahisi.

Kelele nazo zilikuwa shida. Vigae, plasta na slabu tupu vinarudisha sauti; mtoto akidondosha kijiko kila mtu anashtuka. Mapazia mazito ya mtumba niliyachagua mwenyewe soko la Sabasaba, nikayashusha toka juu kabisa hadi sakafuni. Pamoja na fimbo zake yalikuwa shilingi 210,000. Zulia lilikuwepo. Mwangwi haukwisha wote, ila sasa tunaongea kwa sauti ya kawaida.

Pakabaki nafasi ya mita 1.2 kati ya mgongo wa kochi dogo na meza ya chakula, kandokando ya ukuta wa kaskazini. Nilimwita mama mkwe aione. Kibla kwetu Dodoma iko kaskazini, ikielekea kidogo mashariki, kwa hiyo anayeswali hapo ana ukuta mbele yake na hakuna wa kumkatiza. Alitandika mkeka wake wa ukindu, akaupima kwa macho, akasema, "Hapa panatosha." Mkeka haujarudi juu tangu siku hiyo. Na mume wangu akipata wageni, mama anaendelea kupika akiwa na amani, kwani anamsikia anayeingia kabla hajaonwa naye.

Kuna mambo bado. Dirisha la jikoni linapigwa na jua la magharibi kuanzia saa tisa, na hapo nimepanda mwarobaini nje, ambao unakua vizuri na hauhitaji maji mengi ukishashika. Chini ya ngazi mabegi ya shule yamelundikana bila rafu. Shilingi 140,000 zilizobaki nimeziweka kwa ajili ya mlango wa wavu upande wa uani, ili mlango wa nyuma ukae wazi mchana hewa ipite bila nzi kuingia. Fundi alumini ameshachukua vipimo.