Kuongeza Sauti ya Ukingo kwenye Pedi ya Ngoma ya Kielektroniki

Pedi inayopokea pigo sehemu moja tu humnyima mpigaji sauti ya ukingo, ambayo kwangu ndiyo roho ya snea, ile ngoma yenye mlio mkali. Chini ya ngozi ya wavu ya pedi yangu kulikuwa na kisahani kimoja cha piezo (kihisi kinachogeuza mtikisiko wa pigo kuwa ishara ya umeme) juu ya fremu, kikiwa kimefunikwa na sponji. Nikagandisha cha pili, cha milimita 27, karibu na ukingo, mbali na sponji hiyo, ili pigo la katikati lisiamshe sauti ya pembeni. Kwa moduli (visanduku vinavyotoa sauti za ngoma) za Roland zinazokubali piezo mbili, waya wa ngozi huenda kwenye ncha ya jeki ya stereo (kiunganishi chenye miguso mitatu), wa ukingo kwenye pete, na za ardhi zote mbili kwenye shina. Ulehemu haraka, maana joto jingi huharibu kisahani.