Land Cruiser 80 kwenye tairi za inchi 35: kumbukumbu baada ya Kitonga

Tairi zimefungwa na gari limeshapita njia zote ninazozihitaji: lami ya Morogoro hadi Iringa, vumbi la kwenda Ruaha na udongo mweusi wa bonde la Kilombero. Kwa mgeni wa mradi huu, ni Land Cruiser 80 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo. Ilikuwa na tairi za 275/70R16, sasa imevaa 315/75R16.

Nilizitaka kwa sababu ya difu, lile bonge la gia katikati ya akseli linaloning'inia karibu na ardhi. Gari hili lina akseli nzima mbele na nyuma, na ukiweka springi ndefu unanyanyua bodi tu, difu inabaki palepale. Kinachoinua difu ni tairi. Kwa vipimo vilivyoandikwa ubavuni, kipenyo kimetoka milimita 791 hadi 879, na nusu ya tofauti hiyo ndiyo inayopatikana chini ya difu, karibu sentimita 4.4. Waweza kuziona chache. Lakini Kilombero malori huchimba makorongo mawili na kuacha tuta katikati, na tuta lile lile ambalo difu ilikuwa inalilima kama jembe, safari hii gari limepita juu yake bila kugusa. Kwa hilo peke yake sijutii shilingi.

Tatizo liko kwenye gia. Tairi likiongezeka kwa asilimia 11, kila gia inarefuka kwa kiasi hicho hicho, yaani gari linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko wa injini ila mvuto unapungua. Difu yangu yenye uwiano wa gia wa 4.11 inafanya kazi kama ya 3.70; namba ikishuka, mvuto nao unashuka. 1HZ ni injini mvumilivu, ila haina nguvu za akiba. Pale Kitonga, mlima mkali wenye kona kwenye barabara ya Iringa, kona nilizokuwa nazipanda na gia ya tatu sasa zinaimaliza pumzi. Narudi ya pili, inanguruma. Nikijaribu tena ya tatu, haivuti. Gia ya tano imebaki ya tambarare na miteremko.

Wengi wakijadili tairi kubwa huongelea kupanda. Mimi kunakonitisha ni kushuka. Gia iliyorefuka haishiki gari kama zamani, hivyo mzigo unahamia kwenye breki, nazo zinapambana na gurudumu refu na zito zaidi. Nilipima gurudumu la zamani na jipya, yote na rimu, kwenye mizani ya magunia: jipya limezidi kwa kilo 11. Niliposhuka kutoka Iringa na mzigo na kusimama Ruaha Mbuyuni, rimu za mbele zilikuwa hazishikiki kwa joto. Tangu hapo naingiza gia ya pili juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, na malori yaliyo nyuma yangu yatanisubiri.

Spidomita nayo inasema uongo. Ikionyesha 90, gari linakwenda 100. Vijijini, penye kibao cha 50, mshale ukiwa kwenye 50 tochi ya trafiki itasoma zaidi ya 55, kwa hiyo natembea na 45. Kilomita pia zinahesabiwa pungufu: ikiandika 400 umetembea kama 444. Ukipima ulaji wa dizeli bila kurekebisha hapo, utaona gari linakula kupita kiasi linachokula kweli.

Mengine ni madogo. Ukikata usukani hadi mwisho tairi linasugua mkono wa akseli, kwa hiyo tumerefusha bolti za kuzuia kona, na gari sasa linahitaji nafasi kubwa zaidi kugeuka. Spea haiingii tena chini ya gari, iko juu ya keria.

Hatua inayofuata ni kraun na pinioni, yaani gia za ndani ya difu, za 4.88. Zile za 4.56 zingenirudisha nilipokuwa, lakini gari langu hubeba mzigo, na 4.88 zitanipa mvuto kuliko wa kiwandani, ingawa injini itazunguka zaidi kwenye lami. Nilitaka kuanza na difu ya nyuma kwanza kubana matumizi, fundi akakataa katakata: "Kaka, ukibadilisha nyuma ukaacha mbele, siku ukiingiza fowili kwenye ardhi ngumu utavunja kitu." Fowili ni pale magurudumu yote manne yanapovuta, kwa hiyo difu zote mbili zitabadilishwa pamoja. Kabla ya hapo zinaingia diski na pedi mpya za mbele, na mpaka zifungwe sishuki Kitonga na mzigo.