Miaka minne ya bodaboda, nikafelishwa na shingo

Wenzangu wa kijiwe cha Ngamiani, Tanga, chekeni mmalize. Mtu aliyeendesha Boxer miaka minne, akabeba mishikaki, magunia ya mkaa na siku moja friji, amefeli mtihani wa pikipiki Uingereza. Tena amefelia kwenye kugeuza.

Niko Leicester, mwaka wa tatu sasa. Huku ukitaka kupata moja kwa moja leseni ya kuendesha pikipiki ya ukubwa wowote, uwe umefikisha miaka 24, na mtihani uufanye kwa pikipiki kubwa kweli, injini isipungue cc 595. Sehemu ya kwanza ni kiwanjani, lami tupu na koni. Ya pili ni barabarani na magari. Shule niliyojiandikisha ilinipa Yamaha MT-07, cc 689, kilo zaidi ya 180. Siku ya kwanza nilizungusha mafuta kwa mkono ule ule wa Boxer. Nusura iondoke iniache nimesimama.

Mtihani unaanza injini ikiwa imezimwa. Unaitoa pikipiki kwenye boksi moja la maegesho, unaisukuma, unaiingiza boksi la pili. Hapo ndipo uzito unaujua, maana ikishaanza kulalia upande ule mwingine, mikono haitoshi kuivuta. Mwalimu alinifundisha niiegemeze kiunoni na nitembee nayo, nisiikokote kama ng'ombe anayekwenda machinjioni.

Halafu koni za njano, unapita kati yake kwa kuyumba kushoto na kulia, kisha mbili za bluu, unachora nane. Baada yake mwendo wa taratibu, kama unamsindikiza mtu anayetembea kwa miguu. Hapa bodaboda ilinibeba. Ukishapenya Mgandini na abiria mwenye tenga la nyanya bila mguu kugusa chini, koni ni mchezo: klachi nusu, breki ya nyuma kidogo, macho kule unakokwenda. Nilijisikia fundi.

Mtahini akasema geuza. Nikatazama vioo vyote viwili, nikageuza vizuri kabisa, mguu haukushuka. Nikatabasamu ndani ya helmeti, mjinga mimi.

Yaliyobaki ni ya kasi. Unazunguka kona, ukitoka unafungua mafuta, unapita kwenye kifaa cha kupimia ukiwa na angalau kilometa 50 kwa saa, mtahini anainua mkono, unafunga breki. (Nchi nzima inahesabu maili, mtihani huu wanapima kilometa. Sijapata wa kunieleza.) Mara ya kwanza nilipita na 47, nikaambiwa nirudie. Kukwepa kikwazo kwa kasi hiyo hiyo kulikwenda salama.

Tukakaa ofisini. "Kabla ya kugeuza hukutazama nyuma."

"Nilitazama vioo."

"Aliye kando ya bega lako kioo hakimwoni."

Makosa madogo unasamehewa hadi matano. Kubwa ni moja tu linatosha, nami langu lilikuwa hilo.

Nilikasirika mpaka nilipopanda basi, kisha nikakumbuka kioo cha Boxer yangu kilikuwa na kazi moja tu, kumtazama abiria kama amekaa sawa. Cha pili kilivunjika na sikukinunua tena. Nyuma tuliwaachia walioko nyuma, wao wapige honi. Na shingo iliyozoea hivyo miaka minne haigeuki kwa sababu mtu amekuambia darasani.

Basi nikaanza kuifundisha popote. Nikisukuma toroli dukani, kabla ya kukata kona natazama begani. Nikitoka jikoni natazama begani. Mke wangu akauliza nimekopa pesa kwa nani.

Wiki tatu baadaye nikarudi kiwanja kile kile, mtahini mwingine, na manyunyu juu. Kwenye kugeuza niligeuza shingo mpaka helmeti ikanikwaruza kidevu. Breki ya dharura: 53. Makosa madogo mawili, nimefaulu. Sehemu ya pili ni mwezi ujao.

Nikampigia rafiki yangu wa kijiweni, nikamweleza yote, koni, kilo, vipimo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa kaka, hilo dude kwa siku linaingiza shilingi ngapi?"

"Haliingizi kitu. Ni la kuendea tu."

Kimya kidogo. "Na bado wakakufelisha."