Bahari ya lita 400 mwisho wa reli: siku yangu moja

Nikimwambia mtu wa Kigoma kwamba kazi yangu ni kutunza bahari, ananionyesha ziwa kwa kidole. "Si hiyo hapo?" Inabidi nianze upya: kuna mzee mmoja Katubuka, alikuwa mhandisi wa meli Tanga miaka mingi, alipostaafu akarudi nyumbani na tangi la kioo. Ndani yake kuna maji ya chumvi, matumbawe ya kufugwa yaliyokuja na vibali vyake, samaki mmoja mkorofi aitwaye kangaja, na samaki wawili wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Ukijumlisha na tangi la chini lililofichwa kabatini, ni lita 400. Bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa.

Hii ni Jumatatu iliyopita. Nilikuwa nimetoka Kasulu msibani, wiki mbili kamili sikuligusa tangi.

Saa 12:30 asubuhi

Nimeshuka bodaboda kutoka Gungu, nimemwamkia Mzee shikamoo, kaitikia huku macho yako kwenye kioo. Taa za tangi bado hazijawaka. Huu ndio wakati ninaoupenda, maana usipoona vizuri unasikia vizuri. Pampu kubwa ya kurudisha maji juu huwa na mvumo mmoja kama friji. Leo ulikuwa na mkwaruzo kwa mbali. Nikaweka kiganja kwenye bomba: maji yanapanda, ila bila nguvu yake ya kawaida.

Nikaandika kwenye daftari "pampu, sikiliza tena", nikaendelea na mengine. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza la siku.

Joto nyuzi 26.5. Mwezi wa tisa huu Kigoma ni joto na vumbi, kwa hiyo feni inapuliza juu ya maji mchana kutwa ili yasipande kufika 28. Feni inapoza kwa kuyafanya maji yapotee hewani, na yanayopotea ni maji matupu, chumvi inabaki. Kwa hiyo kila siku lita tano hivi za maji yasiyo na chumvi inabidi zirudishwe. Kuna pipa la lita 60 pembeni, lina pampu ndogo na boya. Maji yakishuka kidogo, linajaza lenyewe. Kumbuka hilo pipa.

Chumvi: 35, yaani sehemu 35 kwa kila elfu ya maji, ndiyo inayotakiwa. Kifaa cha kupimia chumvi nakirekebisha kwa maji maalumu ya kiwango cha 35. Wanaorekebisha kwa maji matupu hudanganywa, kwa sababu kifaa kinaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kikakosea huku juu tunakohitaji.

Saa 1:15

Kikombe cha mashine ya povu. Mashine hii inapuliza viputo vidogo sana, uchafu unanata kwenye viputo, unapanda na povu hadi kwenye kikombe. Kilikuwa kimejaa maji ya rangi ya chai, harufu yake ni ya dagaa walionyeshewa wakiwa bado kwenye mchanga. Bibi hunikataza kupita nacho jikoni. Napitia dirishani.

Saa 3:40

Umeme ukakatika.

Kila kitu kinasimama isipokuwa pampu mbili ndogo za kutengeneza mawimbi, hizo ziko kwenye inveta. Nilishauri hivyo mwenyewe: betri ndogo haibebi pampu kubwa kwa muda mrefu, na samaki anachohitaji kwanza ni maji yanayotikisika ili hewa iingie. Maji ya juu yakaanza kurudi chini kupitia bomba lile lile la kupandishia. Hapo huwa nachuchumaa mbele ya kabati kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Bomba nimelitoboa tundu dogo chini kidogo ya usawa wa maji. Maji yakishuka kufika hapo, tundu linavuta hewa na mtiririko unakatika. Konokono akikaa kwenye tundu, umeoga wewe na zulia. Maji yakapanda kwenye tangi la chini, yakasimama vidole viwili kabla ya ukingo. Sawa.

Saa 4:25

Umeme umerudi. Taa zikawaka, feni ikazunguka, mashine ya povu ikaanza kukoroma. Pampu kubwa ikanguruma mara moja, ikanyamaza. Nikachomoa, nikachomeka. Ikanguruma, ikanyamaza.

Huu ndio ugonjwa wa pampu za maji ya chumvi. Ikiwa inazunguka, inazunguka hata na ukoko ndani yake, kwa sababu ilishazoea mwendo. Ikisimama, haina ubavu wa kuanza. Wengi wanadhani umeme umeiunguza, wanaenda kununua mpya. Ningeifungua saa 12:30 niliposikia mkwaruzo, ningekuwa nimemaliza.

Nikaifungua kwenye beseni. Impela, yaani kile kipande chenye mapanga kinachozunguka na kusukuma maji, ilikuwa imevaa koti jeupe, gumu, na kwenye shafti ukoko ulikuwa mnene kama chokaa ndani ya birika la zamani. Nikashangaa. Pampu hii niliisafisha siku moja kabla ya kwenda Kasulu, na kwa kawaida inakaa miezi mitatu ndipo inafika hali hii. Nikachanganya siki na maji nusu kwa nusu, nikaitumbukiza. Ikachemka viputo kama soda iliyotikiswa. Viputo maana yake ni chokaa, kalsiamu na kaboneti zilizoshikana. Chokaa hupenda kuganda penye joto, na mota ya pampu ndiyo sehemu ya joto kuliko zote mle ndani.

Swali ni: chokaa yote hii imetoka wapi ndani ya wiki mbili?

Saa 4:50

Wakati pampu inaloweka, nikatoa vipimo. Cha alkaliniti, yaani akiba ya kaboneti ambayo matumbawe hujengea mifupa, ndicho ninachokiamini zaidi. Unavuta maji kwa bomba la sindano, unadondosha dawa tone moja moja huku ukitikisa, mpaka bluu igeuke njano. Maelekezo yanasema mililita 5, kila tone digrii moja. Mimi navuta 10, kila tone linakuwa nusu digrii, naona vizuri zaidi. Tangi hili kawaida ni matone 17, yaani 8.5.

Kumi na saba, bluu. Kumi na tisa, bluu. Mzee akasogea nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Tone la 23 ndipo ikageuka. Digrii 11.5.

"Umezidisha soda," akasema Mzee.

Lilikuwa wazo la haki. Kila siku pampu ndogo inadondosha baking soda iliyoyeyushwa, gramu 6 hivi, inayotosha kufidia nusu digrii ambayo matumbawe yanakula. Nikapima chupa: imeshuka kiasi kile kile kinachotakiwa kwa siku 14. Si soda.

Nikapima kalsiamu. Niliiacha miligramu 420 kwa lita, sasa imeshuka kidogo. Hapo ndipo nikaanza kupata mwanga. Kama matumbawe yangekuwa yamegoma kula, vyote viwili vingepanda pamoja, maana vyote tunaviongeza kila siku. Alkaliniti kupanda na kalsiamu kushuka maana yake kuna kaboneti inaingia kwa mlango mwingine, na ikishazidi inaikamata kalsiamu na kuganda nayo kwenye pampu yangu.

Nikaenda kwenye pipa. Nikachovya mita ya kupima vitu vilivyoyeyuka. Maji ya mashine ya kuchuja hutakiwa kusoma sifuri, au 3 ukiwa na bahati mbaya.

Ikasoma 402.

"Dogo!"

Dogo ni mjukuu wa Mzee, yuko likizo ya kusubiri chuo. Nilipoondoka nilimwachia kazi moja: pipa likipungua, washa mashine ya kuchuja. Alikuja anajifuta mikono. "Kaka, ile mashine ni ya kulia. Presha ikiwa ndogo inatoa tone, tone, nusu siku ndoo haijajaa. Nikafungua bomba tu. Si maji safi haya? Ndiyo tunachemsha tunakunywa."

Sikuwa na neno la kumjibu kwa haraka, kwa sababu ni kweli. Maji ya bomba letu yanatoka ziwani, na ni maji mazuri. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wananunua chumvi maalumu kwa pesa nyingi ili maji yao yafanane na ya Tanganyika, wafuge samaki wa mawe yetu. Lakini utamu wake uko hapo hapo: yana kaboneti nyingi mno. Nikapima ya bomba mbele yake, digrii 17, na kalsiamu yake ni kidogo tu. Tukapiga hesabu kwenye daftari. Lita 5 kwa siku, digrii 17, ndani ya lita 400: inaongezeka 0.21 kila siku. Kwa siku 14, digrii 3. Nane na nusu, ongeza tatu.

Dogo akaitazama ile 11.5 muda mrefu. "Kwa hiyo ziwa ndilo limeingia baharini."

Mzee akacheka, na mimi nikapata nafuu, maana nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ya nidhamu ya melini.

Saa 5:40

Mswaki wa zamani, shafti, impela, na tundu dogo la kupitisha maji nyuma ya sumaku ambalo watu hulisahau. Ukoko umelainika, unatoka vipande vipande. Nikasuuza mara tatu, nikafunga, nikachomeka. Mvumo mmoja, kama friji.

Kuhusu maji, mkono ulikuwa unaniwasha kuyarekebisha siku hiyo hiyo. Kuna wanaomwaga asidi kushusha alkaliniti. Sifanyi hivyo, tumbawe linaungua ncha kwa mabadiliko ya ghafla kuliko kwa namba yenyewe. Nimezima pampu ya soda, ya kalsiamu nimeiacha iendelee. Matumbawe yanakula nusu digrii kwa siku, siku sita yatakuwa yameirudisha yenyewe 8.5. Nitapima kila asubuhi. Pipa tumelimwaga, Bibi akapigia deki baraza lote.

Saa 7 hadi saa 10

Ugali wa muhogo, mgebuka wa mawese kwa Bibi, halafu Kibirizi kufunga pampu ya maji ya mtu. Hiyo haina hadithi.

Saa 11 jioni

Nimepita tena. Mashine ya kuchuja imetoa lita 14 tangu mchana. Maji taka yake, ambayo ni mengi mara tatu ya yaliyo safi, tumeyaelekeza kwenye pipa la kufulia. Dogo nimemkabidhi mita, na sheria moja: ikisoma zaidi ya 5, usimwage kwenye pipa, nipigie.

Saa 3:50 usiku

Simu. Umeme ulikatika tena Katubuka, umerudi sasa hivi.

"Kaka, imewaka yenyewe. Na kipimo cha pipa ni mbili. Na nimepima chai ya Bibi."

"Inasoma ngapi?"

"Kaka, hii chai usiitie kwenye tangi."