Kipande cha Pezi Kinachosubiri Maabara

Nimerudi kutoka diko la Deep Sea hapa Tanga na vichupa vya nyama na mapezi ya samaki, na kabla sijalala nataka kuandika jambo ambalo ripoti zetu hulipita haraka: sampuli ya vinasaba hupona au huharibika pale pale dikoni, siku nyingi kabla ya kufika maabara.

Samaki akishakufa, vimeng'enya (kemikali za mwili zinazovunjavunja vitu) vya seli zake mwenyewe huanza kuvikatakata vinasaba, na bakteria huongeza uharibifu huo, tena kwa kasi katika joto la Tanga. Kwa hiyo humwomba mvuvi ruhusa mapema, samaki akiwa bado barafuni, nikakata kipande kisichozidi punje ya mahindi na kukitia katika ethanoli, yaani alkoholi, ya asilimia 95 au zaidi. Wapo wanaopenda kipande kikubwa wakidhani ndiyo akiba, ilhali ethanoli hukawia kupenya na nyama ya katikati huoza huku ya nje ikionekana salama. Ethanoli nayo hubaniwa kwa kuwa ni ghali. Mimi hutia takriban mara kumi ya ujazo wa nyama, na kesho yake huibadilisha, kwa sababu maji yanayotoka katika nyama huizimua. Formalini siigusi kwa kazi hii: hutunza umbo vizuri, lakini huvifunga vinasaba na protini na kuviacha vigumu kusomeka. Lebo huandika kwa penseli na kuitumbukiza ndani ya kichupa, kwani wino wa kawaida huyeyuka.

Uangalifu huu nauthamini zaidi nikimfikiria silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa kuwa alitoweka zamani sana. Yule wa kwanza kutambuliwa na wanasayansi, aliyevuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, alihifadhiwa ngozi, lakini viungo vyake vya ndani vilioza vikatupwa. Ikabidi kusubiri hadi 1952, alipopatikana mwingine Komoro. Hapa kwetu, silikanti walionaswa katika majarife, yaani nyavu za matundu makubwa, walichukuliwa sampuli, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ukaonyesha kwamba wale wa pwani ya kaskazini mwa Tanzania ni kundi linalotofautiana kivinasaba na wa Komoro. Ulinganisho huo uliwezekana kwa kuwa kila kipande cha nyama kilijulikana kimetoka wapi, na ndiyo sababu sichukui sampuli kwa mchuuzi asiyejua samaki wake amevuliwa bahari ipi, hata awe samaki adimu kiasi gani.